Dau la Mnyonge: Uhakiki wa Ushahidi juu ya Maisha ya Mabaharia wa Pwani ya Mtwara

Kila mwaka vijana wetu wa shule za sekondari hufundishwa habari za biashara ya Bahari ya Hindi. Huyajua majina ya masultani wa Kilwa na wa Unguja. Huweza kueleza jinsi pepo za kaskazi na za kusi zilivyoviendesha vyombo. Hutaja dhahabu ya Sofala, pembe za ndovu na biashara mbaya ya watumwa. Lakini tukiwauliza ni nani aliyeushika usukani, alikula nini, alilipwa kwa namna gani, na mkewe aliishije alipokuwa safarini, tutajibiwa kwa kimya. Kimya hicho si kosa la vijana. Kimetoka katika vitabu, nacho kimeingia vitabuni kutoka katika ushahidi wenyewe ambao wanahistoria wameutegemea.

Katika makala haya tumekusudia kuuhakiki ushahidi huo, tukitazama hasa pwani ya kusini kabisa mwa nchi yetu: Sudi, Mikindani, Mtwara, Msimbati, mpaka mlango wa mto Ruvuma. Tunaposema ushahidi wa asili tuna maana ya maneno au vitu vilivyotoka kwa watu walioishi wakati wa mambo yenyewe: shajara za wasafiri, hati za serikali na za mahakama, barua, tenzi, methali, na vyombo vya kazi. Hoja yetu ni kwamba ushahidi juu ya mabaharia haukukosekana. Upo, ila umeandikwa na watu waliokuwa na shughuli nyingine, na kwa hiyo hauna budi kusomwa kwa jicho la kuuliza.

Bahari ya kusini na kazi yake

Kwanza inafaa tukumbuke hali ya bahari yenyewe. Pepo za kaskazi huvuma takriban tangu Desemba mpaka Machi, nazo huleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili na huvirudisha. Katikati kuna majira ya tanga mbili, ambapo upepo hauna mwelekeo wa kutegemewa. Chombo kitokacho mbali kiliweza kufika Kilwa na kurudi kwao katika mwaka mmoja. Lakini kila kilipozidi kwenda kusini, muda wa kufanya biashara ulipungua na hatari ya kukosa upepo wa kurudia iliongezeka. Kwa sababu hiyo, safari za kutoka Kilwa kwenda Mikindani, visiwa vya Kerimba na Sofala zilihitaji vyombo na watu wa pwani hiyohiyo, waliozijua nyamba, mikondo na vilango vya mikoko.

Basi baharia wa kusini hakuwa mgeni aliyepita. Alikuwa mtu wa kijiji, aghalabu mkulima na mvuvi pia, ambaye bahari ilikuwa shamba lake la pili. Hili ni jambo la kulishika, maana ndilo ambalo maandishi mengi hulisahau.

Mvuvi asiye na jina na rubani aliyechapwa

Maandishi ya kale kuliko yote juu ya pwani yetu ni ya Mgiriki wa karne ya kwanza, aliyeandika mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Alitaja mitumbwi ya gogo moja, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na mitego ya kusuka ambayo kwetu huitwa madema. Jina lenyewe la bandari ya Rhapta lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kushona. Mwandishi huyu alikuwa akiwaelekeza wafanya biashara, na kwa hiyo alitazama vitu: chombo, mtego, bidhaa. Hata hivyo, bila ya kukusudia, ametupatia habari ya thamani kubwa kuhusu kazi ya mikono ya watu wa pwani.

Baada yake tuna habari za Kilwa, ambazo zimetufikia kwa njia mbili: hati ya Kiarabu, na muhtasari uliochapwa na Mreno João de Barros mwaka 1552. Humo wafalme wanafuatana mmoja baada ya mwingine. Lakini Barros ameingiza kisa kimoja cha kushangaza: kwamba njia ya biashara ya dhahabu ya Sofala ilijulikana Kilwa kwa sababu ya mvuvi. Yasemekana alinasa samaki mkubwa aliyemvuta hata mkondo ukamchukua mbali sana kusini. Huko akaona watu wa Mogadishu wakifanya biashara ya dhahabu, naye aliporudi akampasha mfalme habari. Huenda kisa hiki ni hekaya tu. Lakini tazama muundo wake: mfalme ndiye anayeupata utajiri, na mvuvi aliyeivumbua njia hana jina. Mkondo unaotajwa si hekaya. Kila mvuvi wa Msimbati anaujua. Maana yake ni kwamba mambo makuu ya Kilwa yalisimama juu ya maarifa ya watu wadogo, na kumbukumbu ya watu wa Kilwa wenyewe ililikubali hilo, japo haikumtaja mtu.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita pwani hii akitokea Msumbiji. Shajara ya safari yake, iliyoandikwa na mmoja wa watu waliokuwa melini, inaeleza kwamba tarehe 1 Aprili walifika kwenye visiwa vilivyo karibu na bara, kusini ya mlango wa Ruvuma. Kisiwa kimoja wakakipa jina la Kisiwa cha Aliyechapwa, kwa sababu rubani Mwislamu waliyekuwa naye alichapwa viboko baada ya kumwambia nahodha mkuu kwamba visiwa hivyo ni bara.

Huyu ni miongoni mwa wanamaji wa kwanza wa upande huu kutajwa katika shajara ya safari, naye ameingia humo kwa mgongo wake. Mwandishi anasema alidanganya. Je, tukubali? Visiwa vile viko chini na viko karibu mno na ufuko. Atazamaye kwa mbali aweza kuviona kama nchi moja. Yawezekana pia kwamba rubani alikusudia kuwapoteza watu ambao alikwisha kuwaogopa. Au mkalimani hakufahamu. Ushahidi mmoja wa upande mmoja hauwezi kutuamulia. Mwalimu awezaye kuwaongoza wanafunzi wake wayapime maelezo haya matatu atakuwa amewafundisha uhakiki wa historia zaidi kuliko atakayewakaririsha tarehe.

Mwaka huohuo, huko Malindi, Wareno walipewa rubani aliyewavusha mpaka Bara Hindi. Kwa muda mrefu vitabu vimesema alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Oman. Dai hilo latokana na mwandishi wa Makka wa karne ya 16, ambaye hakuwapo. Waandishi wa Kireno wanamtaja Mgujarati wanayemwita Malemo Cana, na wanazuoni wengi wa siku hizi wameliacha jina la Ibn Majid. ‘Malemo’ si jina bali ni cheo, nalo ni jamaa wa neno letu ‘mwalimu’. Maana melini aliyejua nyota na njia ndiye aliyeitwa hivyo. Hapa pia historia ilipendelea kumweka mtu mashuhuri mahali pa mtu wa kazi.

Mikindani mwaka 1866

David Livingstone aliondoka Unguja Machi 1866, yeye katika manowari ya Kiingereza na wanyama wake, wakiwamo ngamia na nyati, katika jahazi. Alikusudia kushuka mlangoni mwa Ruvuma, lakini tope na mikoko vilimzuia. Tarehe 24 Machi akashukia Mikindani. Jambo hili limeandikwa katika shajara zake za mwisho, zilizochapwa mwaka 1874, na mpaka leo mji wa Mikindani hutajwa kwa ajili yake.

Livingstone alikuwa mwangalifu wa kuhesabu. Orodha ya msafara wake inaonyesha askari wa Kihindi, watu wa Nzuwani, vijana kutoka Nasik na wengineo. Watu wa jahazi lililobeba wanyama hawamo, kwa kuwa kazi yao iliishia ufukoni. Lakini kuwapakia ngamia katika jahazi, kuwanywesha maji, kuwazuia wasilipindue chombo, na hatimaye kuwashusha mahali pasipo gati ni kazi iliyotaka ustadi mkubwa. Msomaji makini hutazama si maneno yaliyoandikwa tu, bali pia kazi ambayo isingewezekana bila ya watu wasioandikwa.

Tena katika msafara huohuo walikuwamo mabaharia ambao vitabu havijawaita kwa jina hilo. Chuma na Susi hukumbukwa kwa kuubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani baada ya kifo chake mwaka 1873. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwaka 1864 walikuwa miongoni mwa Waafrika tisa waliosafiri na meli ndogo iitwayo Lady Nyassa kutoka Unguja mpaka Bombay, safari ya siku 45 ya kuvuka bahari kuu. Waliposhuka Mikindani walikuwa wamekwisha kuiona bahari kuliko wengi. Tukiwaita watumishi tu, tumekubali jicho la bwana wao; tukiwaita mabaharia vilevile, tumeusoma ushahidi uleule kwa jicho letu.

Baharia au shehena?

Sehemu ngumu kuliko zote ni hati za manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwinda biashara ya watumwa kabla na baada ya mapatano ya 1873 kati ya Uingereza na Sultani Barghash. Makapteni wawili, Sulivan na Colomb, walichapa vitabu vyao mwaka huohuo wa 1873, na ripoti za wenzao zimejaa katika nyaraka za serikali ya Uingereza.

Hapana budi tuseme wazi kwamba biashara ile ilikuwa ovu, na kwamba njia kutoka Ziwa Nyasa zilishuka Kilwa na pia katika bandari za Lindi na Mikindani. Walikuwapo mabaharia wa pwani yetu walioitumikia. Mhakiki akilificha jambo hili kwa ajili ya kuipamba pwani, atakuwa amefanya dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Lakini kukubali hivyo hakutuondolei wajibu wa kuzipima hati. Mabaharia wa manowari walilipwa tuzo kwa kila mtumwa waliyemwokoa, au kwa ukubwa wa chombo walichokiharibu. Mara nyingi chombo kilichomwa moto baharini, na waliokipima ni wale wale watakaolipwa. Basi vipimo vya majahazi katika ripoti hizo havifai kutumiwa bila ya shaka. Zaidi ya hayo, afisa aliyepanda jahazini aliwakuta watu weusi na akapaswa kuamua: je, hawa ni mabaharia au ni shehena? Wengine walikuwa watumwa wa mwenye chombo wakifanya kazi ya ubaharia, wengine waungwana, wengine abiria. Afisa hakujua Kiswahili, na mkalimani wake naye alikuwa na maslahi yake. Huenda mtu mmoja akaandikwa mwanamaji katika hati ya forodha na mtumwa katika hati ya mahakama.

Hapa ndipo tunapoona kwamba maisha ya baharia hayakukaa ndani ya vyumba viwili tulivyojengewa na vitabu, yaani Mwarabu mwenye chombo na Mwafrika mwenye pingu. Kulikuwa na mtumwa aliyepewa unahodha, na mwungwana aliyezama katika deni hata akawa hana uhuru wa kuiacha kazi. Tusipolijua hilo hatutaelewa kwa nini pwani ya kusini haina jibu jepesi kila inapoulizwa habari za karne ya 19.

Mgeni aliyelala chomboni

Katika maandishi ya wageni, kitabu cha Mwaustralia Alan Villiers, kilichochapwa mwaka 1940, kina nafasi ya peke yake. Mwandishi huyu, mwanamaji mwenyewe, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika bumu la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, wakafika Unguja na delta ya Rufiji kukata boriti za mikoko. Ameeleza chakula, maradhi, nyimbo za kazi, na jambo kuu: mgawo. Mabaharia hawakuwa na mshahara. Mapato ya safari yaligawanywa kwa mafungu baada ya kuondoa gharama, na aghalabu baharia alikuwa na deni kwa nahodha, naye nahodha alikuwa na deni kwa mfanya biashara.

Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba mwandishi anaijua kazi. Udhaifu wake ni wa namna mbili. Kwanza, anawapenda mabaharia kama mtu apendavyo kitu kinachokufa, na kwa hiyo hueleza jahazi kama masalio ya zamani, hali majahazi yaliendelea kubeba shehena za Afrika Mashariki kwa miongo mingi baadaye. Pili, Rufiji kwake ni mahali pa joto, mbu na kazi nzito. Watu wa Rufiji wenyewe wako pembeni mwa picha. Mwanafunzi wa Mtwara asichukue habari za Wakuwait akazibandika juu ya Ruvuma. Achukue maswali: nani aligawana na nani, na nani alimdai nani? Kitabu cha Abdul Sheriff wa Zanzibar juu ya utamaduni wa majahazi, kilichotolewa mwaka 2010, kimeonyesha jinsi maswali ya namna hiyo yanavyoweza kuiweka bahari yote ya Hindi mikononi mwa watu wake. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na kazi ya kuyaleta mawazo hayo darasani kwa Kiswahili bado ni yetu.

Mpaka juu ya maji

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kuufanya mto Ruvuma kuwa mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani wakaitwaa Kionga, iliyo kusini ya mlango wa mto. Wareno wakairudia mwaka 1916, na baada ya vita wakathibitishiwa. Watu wa pande zote mbili, wenye lugha za jamaa na ndoa za pamoja, hawakuulizwa. Tangu hapo, safari ya mashua kutoka Msimbati kwenda Palma ikawa na majina mawili. Kwa baharia ilikuwa ni kwenda kwa shangazi. Kwa karani wa forodha, ikiwa imebeba chumvi au nguo, ilikuwa magendo. Asomaye majalada ya kikoloni katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, akalikuta neno hilo, na ajiulize ni nani aliyelitamka.

Vilevile bandari ya maji marefu ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, ina hati nyingi za gharama na za mitambo. Mradi ulikufa, na reli yake ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mashua za kuvusha watu kwenda Msangamkuu ziliendelea. Lakini mradi ulioshindwa una makabati ya nyaraka, na mashua iliyofaulu haina hata jalada moja la namna ile.

Ushahidi wa lugha

Sasa tugeukie ushahidi ambao hakuna mgeni aliyeuandika: lugha. Wazee wamesema, ‘Dau la mnyonge haliendi joshi; likienda joshi, ni Mungu kupenda.’ Shuleni methali hii hufafanuliwa kwamba maskini hana bahati. Ufafanuzi huo ni sahihi lakini umeiondoa methali baharini. Kwenda joshi ni kuelekea upande utokako upepo. Hilo lataka tanga zuri, kamba imara, chombo kisichovuja, na watu wa kutosha kuligeuza foromali. Mnyonge ana tanga lililoviraka na mtoto mmoja wa kumsaidia kuteka ngama. Yeye hungoja upepo. Mwenye mali huukabili, na ndiye awahiye soko. Kwa maneno machache methali imetueleza uchumi wa pwani kutoka upande wa aliye chini, jambo ambalo shajara zote tulizozitaja hazikulifanya.

Tuyapime pia maneno ya kazi. ‘Nahodha’, ‘bandari’ na ‘sarahangi’ yana asili ya Kiajemi. ‘Mtumbwi’, ‘kafi’ na ‘upondo’ ni ya Kibantu. Mtu mwenye haraka atasema amri zilitoka nje na jasho lilikuwa letu. Lakini neno la kukopa halithibitishi mtu wa kukopa: nahodha wa Mikindani aliweza kuwa mzaliwa wa Mikindani. Lugha ni shahidi mwema, ila naye ahojiwe kama wengine.

Kazi iliyo mbele yetu

Mkusanyiko wa Carl Velten wa mwaka 1907 ulihifadhi habari za kale za miji ya pwani, Lindi ikiwamo, kwa Kiswahili. Lakini walioulizwa walikuwa wakubwa wa miji, nao walisimulia hasa majumbe na utawala wao. Makosa hayo twaweza kuyarudia sisi wenyewe tukiwatuma wanafunzi wakawahoji wenye vyeo tu.

Mwanafunzi aende kwa fundi wa mashua akaulize jina la kila ubao, na jinsi pamba na sifa zinavyotumika katika kukalafati. Aende kwa mama aliyesokota kamba za usumba, kwa maana bila ya kamba hizo tanga halipandi, na jina la mama huyo halimo katika kitabu chochote cha safari. Amwulize nahodha mstaafu mafungu ya mgawo yalikuwa mangapi, chombo kilichukua mangapi, na aliyeugua safarini alipata nini. Aandike maneno kama yalivyosemwa, bila ya kuyasanifisha, pamoja na jina la msemaji ikiwa ameridhia, mahali na tarehe. Kisha ayalinganishe na hati. Panapokubaliana, tumepata jambo. Panapopingana, tumepata swali, na swali jema ni nusu ya historia.

Kazi hii haingoji. Tangu mwaka 2000 sehemu ya ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma imekuwa hifadhi ya bahari, na ni jambo la kheri kwamba matumbawe na kasa wana daftari lao. Watu waliozijua nyamba hizo kabla ya hifadhi, waliosafiri kwa tanga kabla ya mashine, wanapungua kila mwaka, nao wanaondoka na elimu ya nyota, ya mikondo na ya mgawo. Mtoto wa baharia anayemaliza kidato cha nne akiamini kwamba historia ni ya masultani na wazungu, ameshawishika kwamba nyumba yao haina historia. Taifa lililojitwika kuutafuta utamaduni wake haliwezi kuliacha jambo hilo lipite. Dau la mnyonge haliendi joshi kwa upepo wa kubahatisha. Laenda kwa watu wanaojua kulishika tanga, na walimu wetu na wanafunzi wao ni miongoni mwa watu hao.